Uandishi wa Miito ya Kompyuta na Tatizo la Kuisoma kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo la uandishi ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno kushughulikiwa na wanaisimu, yaani namna namba zinavyoandikwa na kusomwa katika amri za kompyuta zinazoita huduma za mfumo endeshi. Amri hizo hutumika katika tabaka la chini kabisa la utunzi wa programu, ambako mtunzi husema na prosesa karibu ana kwa ana, bila ya ukalimani wa zile lugha za programu zilizofanywa nyepesi kwa binadamu. Huko chini hakuna sentensi. Kuna kifupisho cha herufi mbili tatu, namba, na alama moja au mbili za kumwambia msomaji namba hiyo ihesabiwe vipi. Alama hizo ndizo zinazokosewa, na hukosewa zaidi pale maelezo yanapotolewa kwa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi.

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta imekwenda mbali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa programu zake kwa Kiswahili. Huko Kenya, ugomvi wa kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi umekula karatasi nyingi kuliko unavyostahili. Lakini kazi yote hiyo ilihusu maneno yanayoonekana kwenye kioo: fungua, hifadhi, futa. Alama haikuguswa, labda kwa kuwa ilidhaniwa kwamba alama ni mali ya dunia nzima na haina lugha. Dhana hiyo ni kweli kwa jicho. Kwa sikio si kweli hata kidogo, na kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, yafaa ijulikane mapema ni wapi usomeshaji wa fani hii kwa Kiswahili utajikwaa.

2.0 Namba isemwayo kwenye ufuko wa ziwa

Mfano wa kuanzia unapatikana mbali na maabara. Asembo Bay iko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Siaya, na zamani meli za reli zilizotoka Kisumu zilipita hapo. Wakaazi wake husema Dholuo nyumbani, na Kiswahili wakutanapo na wageni sokoni na bandarini. Mwenye simu ndogo anayetaka kulipia samaki huko, kama kwingineko Kenya, anaweza kubonyeza mfuatano ufuatao, ambao ni wa huduma ya M-Pesa iliyoanzishwa mwaka 2007:

(1) *334#

Atakayemwelekeza mwenzake hatasema "mia tatu thelathini na nne". Atasema "nyota, tatu tatu nne", kisha atalitaja lile geti la mwisho, ambalo Tanzania huitwa "reli" kwa kuwa michoro yake inafanana na mataruma na vyuma vya njia ya treni. Tanzania mfuatano wenyewe ni mrefu zaidi, kama *150*00#, na hapo husikika watu wakichanganya: "nyota, moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli". Usomaji huu haukufundishwa darasani. Wasemaji waliona wenyewe kwamba kinachosemwa hapa hakihesabiki. Hakuna vitu mia tatu thelathini na vinne vinavyotajwa; tarakimu zimekuwa jina, na jina husomwa kipande kwa kipande.

Jambo la pili la kuangaliwa katika (1) ni kwamba namba hiyo huita. Mtu akiituma, mtandao hujibu kwa orodha ya huduma, naye huchagua kwa namba nyingine: moja, mbili, tatu. Ile moja haina maana yoyote peke yake. Maana yake hutokana na namba iliyotangulia kuita. Asembo inaujua utaratibu huo kwa njia nyingine vilevile. Mwaka 2001 Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, na washirika wake wa Marekani walianza huko mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu, na katika mfumo wa namna hiyo kila boma na kila mkaazi hupewa namba. Namba ya mkaazi bila ya namba ya boma lake haimtambulishi mtu.

Kwa msomaji wa lugha asiyejua kompyuta, mambo haya mawili, yaani namba iliyo jina na namba ndogo inayotegemea kubwa, yanatosha kumwingiza katika suala lenyewe.

3.0 Mwito ndani ya prosesa

Prosesa ya 8086, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1978, ilikuwa na amri inayoandikwa INT, ikifuatwa na namba moja kati ya 0 na 255. Prosesa ikikutana nayo huweka akiba hali yake ya wakati huo pamoja na anwani ya amri inayofuata, kisha huenda kwenye jedwali lililo mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, huchukua humo anwani iliyoandikwa mbele ya namba ile, na kurukia huko. Kila anwani katika jedwali huchukua baiti nne. Kwa hiyo jedwali zima ni baiti 1024. Kazi ikiisha, amri nyingine, IRET, huirudisha prosesa ilikotoka.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilijengwa juu ya utaratibu huo. Aliyetaka kuandika herufi kwenye kioo, kusoma diski au kujua herufi gani imebonyezwa, hakuhitaji kujua anwani ya programu inayofanya kazi hiyo. Alihitaji namba tu. Mfumo endeshi wa MS-DOS ulikusanya huduma zake nyingi chini ya namba moja, na kuzitofautisha kwa namba ya pili iliyowekwa katika rejista iitwayo AH kabla ya kuita. Hivi ndivyo mtunzi anavyouliza saa:

(2) MOV AH, 2Ch
    INT 21h

Mstari wa kwanza unaweka namba ya huduma, wa pili unaita. Jibu hurudi katika rejista nyingine: saa katika CH, dakika katika CL, sekunde katika DH. Ni *334# na "moja" yake, ila mpangilio umegeuzwa, chaguo limetangulia mwito.

MS-DOS si mfumo wa kazi za kila siku tena, lakini mifano kama (2) ingali inatumika vyuoni kufundishia kwa kuwa ni mifupi na inaonyesha kila kitu. Aidha, utaratibu wenyewe haujafa. Katika Linux ya prosesa za aina hii zenye biti 32, mwito uliandikwa INT 80h. Na katika prosesa za ARM, zilizomo ndani ya simu nyingi mno zinazobebwa Asembo na penginepo, kuna amri ya jamii hiyohiyo ambayo itatajwa tena mbele.

4.0 Alama ya msingi wa hesabu

Katika (2) namba 21h si ishirini na moja. Herufi h inaonyesha kwamba hesabu ni ya msingi wa kumi na sita, ambamo tarakimu baada ya tisa ni A, B, C, D, E na F. Mbili ya kushoto ni kumi na sita mbili, moja ya kulia ni moja. Jumla ni 33. Watunzi wa programu hupenda msingi huu kwa sababu baiti moja hutoshea ndani ya tarakimu mbili bila ya kuzidi wala kupungua. Hadi hapo hakuna taabu. Taabu ni kwamba kila ukoo wa watunzi ulibuni alama yake ya kuonyesha msingi huo, na alama hizo zimeachwa zote zikiishi pamoja:

(3) INT 21h
(4) int 0x21
(5) $21
(6) &H21
(7) INT 21
(8) int $0x80

Namna ya (3) ni ya asembli ya Intel na ya Microsoft. Namna ya (4) ni ya lugha C. Namna ya (5) ni ya Turbo Pascal na ya watumiaji wa prosesa za Motorola, na (6) ni ya lugha ya BASIC. Alama ya dola katika (8) haina uhusiano na ile ya (5). Katika uandishi uliozoewa na watu wa Unix, dola husema tu kwamba kinachofuata ni thamani yenyewe wala si anwani ya mahali ilipo thamani. Msingi wa hesabu umeonyeshwa na 0x baada yake. Na kana kwamba hayo hayatoshi, huduma ya 09h ya MS-DOS, ambayo kazi yake ni kuandika maneno kwenye kioo, ilitumia dola hiyohiyo kuonyesha mwisho wa maneno. Alama moja ina kazi tatu, na mtu anaweza kuzikuta zote kwa siku moja.

Lililo hatari zaidi ni (7), kwa sababu halina alama. Ralf Brown, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alikusanya kwa miaka mingi orodha kubwa ya miito ya kompyuta za aina ya IBM. Toleo lake la 61, la mwaka 2000, ndilo la mwisho. Katika orodha hiyo vichwa huandikwa INT 21, INT 10, INT 13, bila ya h, ilhali namba za huduma zinazofuata huandikwa na h: AH=2Ch. Kanuni yake ni kwamba namba ya mwito daima ni ya msingi wa kumi na sita, na lisilobadilika halina haja ya alama. Programu ndogo ya DEBUG iliyokuja na MS-DOS ilikwenda mbali zaidi: humo namba zote ni za msingi huo, na h haihitajiki popote.

Sasa na achukuliwe mwanafunzi aliyejifunza kwa DEBUG, au aliyesoma orodha ya Brown, kisha akahamia kwenye asembli ya Microsoft na kuandika (7) kama alivyozoea. Asembli hiyo, isipoambiwa vinginevyo, huhesabu kwa makumi. Ishirini na moja ya makumi ni 15h. Programu itakubaliwa bila ya onyo lolote, na ikiendeshwa itaita huduma ya 15h, ambayo katika kompyuta ya kwanza ya IBM ilikuwa ya kuendesha kinasa sauti cha kaseti. Mwanafunzi aliyetaka kujua saa amegonga mlango wa kaseti. Vivyo hivyo aandikaye INT 80 katika Linux kwa asembli inayohesabu kwa makumi ameomba mwito wa 50h, naye atafukuzwa na mfumo endeshi kwa kosa la kugusa pasipo ruhusa. Ni vigumu kwake kuliona kosa, kwa kuwa kila akitazama kitabu na kila akitazama kioo anaona 21 na 21, au 80 na 80.

Si namba za msingi wa kumi na sita tu zenye mambo hayo. Prosesa ya Intel 8080, ya mwaka 1974, ilikuwa na amri RST yenye namba 0 hadi 7. Wenyewe Zilog walipotoa Z80 mwaka 1976, wakaiandika amri ileile kwa anwani inayorukiwa badala ya namba ya mpangilio. RST 7 ya Intel na RST 38h ya Zilog ni baiti moja, FFh. Katika lugha C nako, sifuri ikitangulia mbele ya namba hugeuza msingi kuwa wa nane, hata 021 ikawa kumi na saba. Kwa hiyo namba ya simu ya Afrika Mashariki, ambayo huanza na sifuri, haiwezi kuandikwa humo kama namba. Lazima iandikwe kama maneno. Wasemaji walioamua kuzisoma namba za simu tarakimu kwa tarakimu walikuwa wameshalijua hilo.

5.0 Usomaji kwa sauti

Hapa ndipo lugha inapoingia kwa nguvu. Mwandishi anaweza kuweka h au 0x na kuliacha jicho lifanye kazi. Msemaji hana h. Akikuta 21h na kusema "ishirini na moja", amesema uongo wa hesabu, kwani neno "ishirini" halimaanishi "mbili iliyo mahali pa pili". Linamaanisha makumi mawili, hata kama asili yake ya Kiarabu imeficha muundo huo kwa msemaji wa leo. Dholuo hakifichi: ishirini na moja ni *piero ariyo gachiel*, yaani makumi mawili na moja juu yake. Msomaji wa Asembo atakayeitafsiri 21h moyoni mwake kwa lugha ya nyumbani amelitaja kumi kwa jina lake mahali ambapo hapana kumi. Inafaa kuongeza, ingawa ni pembeni kidogo ya mada, kwamba Dholuo chenyewe kina alama za msingi mwingine ndani yake: *abiriyo*, saba, inaonyesha wazi *ariyo*, mbili, na *auchiel*, sita, inaonyesha *achiel*, moja, kana kwamba tano imehesabiwa kwanza na kuachwa kimya. Kubadili msingi wa hesabu si jambo geni kwa watu hawa. Kugeni ni kuubadili bila ya kusema.

Kiswahili kina mfano wa karibu zaidi, nao ni saa. Saa ya ukutani ikionyesha 8:00 asubuhi, msemaji wa Kiswahili husoma "saa mbili". Kilichoandikwa ni nane, kinachosemwa ni mbili, na hakuna anayeona ajabu. Hapa msingi wa hesabu ni uleule. Kilichohama ni mahali pa kuanzia. Saa za Kiswahili huanza na macheo, na karibu na ikweta jambo hilo lina mantiki yake, kwani Asembo Bay jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Dholuo nacho hufuata hesabu hiyo. Basi mtunzi wa programu anayetaka kompyuta iseme saa kwa Kiswahili ataita (2), atapata katika CH namba iliyohesabiwa tangu usiku wa manane, ataongeza sita, atatoa kumi na mbili mara zinazowezekana, na akibakiwa na sifuri ataandika kumi na mbili. CH ikiwa 14, jibu ni saa nane. Ikiwa 0, ni saa sita ya usiku. Jambo linalostahili kuangaliwa ni hili: jamii nzima imeweza kuandika namba moja na kusema nyingine kwa miaka mingi bila ya kupoteza safari wala mikutano, kwa sababu kanuni inajulikana na pande zote mbili. Mgeni asiyeijua ndiye anayefika saa sita baadaye. Mwanafunzi wa asembli ni mgeni wa namna hiyo, na mwalimu anayesema "INT ishirini na moja" anamwachia saa sita za kupotea.

Kwa sababu hizo usomaji unaofaa ni ule ambao simu zimekwisha kuuzoesha: tarakimu kwa tarakimu. INT 21h isomwe "INT mbili-moja", na pale msingi unapohitaji kutajwa, "mbili-moja heksa". Usomaji huu haudai thamani yoyote, hivyo hauwezi kuwa uongo.

Herufi zina matata zaidi. Tarakimu C haimo katika abjadi ya Kiswahili sanifu kama herufi inayosimama peke yake. Imo katika ch tu, na ndivyo ilivyo katika maandishi ya Dholuo, kama katika *chiemo*, chakula, na *chiro*, soko. Na ichunguzwe namba ya huduma katika (2): 2Ch. Namba ya huduma inayomaliza programu ni 4Ch. Jicho lililolelewa na Kiswahili au na Dholuo huona hapo mbili na ch, nne na ch, ilhali C ni tarakimu na h ni alama ya msingi. Mpaka uliopo baina yao ni mpaka uleule ambao kila siku jicho hilo limefundishwa kuupuuza. Uandishi wa (4) unaliondoa tatizo, kwani 0x2C haina ch. Ndiyo sababu inaonekana bora kwamba vitabu vya Kiswahili viuchague uandishi wa 0x pale ambapo mwandishi yuko huru kuchagua, hata kama x nayo ni mgeni katika abjadi. Ugeni wa x ni faida: hakuna atakayedhani ni sehemu ya neno.

Majina ya herufi nayo yana mtego. Darasani Afrika Mashariki herufi hutajwa mara kwa Kiingereza mara kwa Kiswahili, na kwa tarakimu za A na E mchanganyiko huo ni mbaya sana. A ya Kiingereza hutamkwa kwa namna inayokaribia e ya Kiswahili, na E ya Kiingereza hutamkwa kama i ya Kiswahili. Mwalimu akisoma AEh kwa Kiingereza, msikilizaji wa Kiswahili anaweza kuandika E kisha akashangaa, kwa kuwa i haimo kati ya tarakimu kumi na sita. Akisoma Eh kwa Kiswahili, msikilizaji wa Kiingereza ataandika A, wala hatashangaa, kwa kuwa A imo. Kosa la pili ndilo baya, kwani halijionyeshi. Basi ni lazima mwalimu achague mfumo mmoja wa majina na kuutangaza siku ya kwanza. Majina ya Kiswahili ya a, be, de, e, efu yanatosha. Kwa C, ambayo baadhi huiita "che", ni heri isemwe "si", ili isirudishe ch kwa mlango wa nyuma.

6.0 Katizo au mwito?

Limebaki jina la amri yenyewe. Neno la Kiingereza "interrupt" lina visawe viwili vinavyojitokeza mara moja, katiza na dakiza. Dakiza ni la mazungumzo: mtu humdakiza mwenzake anaposema, mara nyingi kwa kumpinga. Katiza ni pana zaidi. Safari hukatizwa, usingizi hukatizwa, kazi hukatizwa. Kwa hiyo "katizo" ndilo linalofaa kwa jambo linalotoka nje ya programu na kuisimamisha, kama vile kibodi inapobonyezwa au saa ya ndani inapopiga. Programu haikutaka kusimama. Imefikiwa, kama mwenye boma anavyofikiwa na mgeni anayebisha hodi langoni akiwa katikati ya kazi yake.

Lakini INT 21h haifikii programu. Programu yenyewe ndiyo iliyoiandika, mahali ilipotaka, kwa wakati iliotaka. Haikukatizwa na mtu; imeacha jembe na kwenda kwa jirani kuazima. Kuliita tendo hilo "katizo la programu" ni kumwambia mwanafunzi kwamba mtu aliyebisha hodi kwa wengine amebishiwa hodi.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Kwa prosesa ya Intel, matukio yote mawili hupitia jedwali lilelile, huweka akiba vitu vilevile na kurudishwa na IRET ileile. Kwa mtazamo wa fundi, ni kitu kimoja chenye vyanzo viwili, na jina moja linautunza umoja huo. Anayetafsiri miongozo ya Intel hawezi kuupuuza. Hata hivyo, prosesa yenyewe hutofautisha: makatizo mengi ya nje yanaweza kuzuiwa kwa amri ya CLI, ilhali INT haizuiliki kwa njia hiyo, kwa kuwa hakuna maana ya mtu kujizuia asisikie alichojiamuru mwenyewe. Isitoshe, historia ya Kiingereza chenyewe haiungi mkono jina moja. IBM katika kompyuta zake za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, iliita amri ya jamii hii SVC, jina lenye wazo la kumwita msimamizi. Watu wa ARM walianza na SWI, jina lenye neno la kukatiza ndani yake, kisha baadaye wakaliacha na kuandika SVC. Amri haikubadilika hata biti moja. Kilichobadilika ni jina, na kilibadilishwa na mafundi, si na wanalugha.

Pendekezo basi ni kwamba "katizo" libaki kwa lile litokalo nje, na "mwito" litumike kwa lile linaloandikwa na mtunzi. Pale ambapo mwandishi wa asili anasisitiza umoja wa jedwali, jedwali lenyewe linaweza kuitwa "jedwali la makatizo na miito", ingawa ni jina refu.

Uamuzi huo unasaidia pia upatanisho wa kisarufi, ambao waandishi wengi huuvuruga wanapochanganya alama na maneno. Kifupisho kama INT kikisimama peke yake huvutwa kwenye ngeli ya i-/zi-: "INT 0x21 inaita", "INT hizi zinaita". Kikitanguliwa na nomino, nomino ndiyo itawale: "mwito wa INT 0x21 unarudisha saa", "miito ya 0x10 na 0x16 ilitumiwa sana". Namba ikifuata kifupisho, isipewe kiambishi chochote wala kiunganishi. Si "INT ya 0x21", bali INT 0x21, kwa kuwa vyote viwili ni amri moja ya baiti mbili, CD na 21, na katika kumbukumbu hakuna kitu kati yao. Namba ya huduma, kwa upande mwingine, ni nomino kamili na inahitaji kiunganishi: "huduma ya 0x2C ya mwito wa 0x21", ikisomwa "huduma ya mbili-si ya mwito wa mbili-moja".